Maji ya Klorofomu

Jumatatu, 12 Februari 1973

Madawati ya mbele ni matupu na hakuna aliyethubutu kuyakalia. Wasichana wa Kihindi waliokuwa wakiketi pale waliondoka na wazazi wao mwaka jana, Wahindi walipofukuzwa nchini, na walimu wetu wengine nao wakaenda. Sisi tuliobaki tunabanana nyuma kama wageni wanaosubiri wenye nyumba warudi.

Mwalimu ni mmoja sasa, Bwana Odoch. Atatufundisha yote, atatutahini, na mwisho wa muhula ndiye atakayetia sahihi vyeti vyetu vya udispensa, kazi ya kuchanganya na kutoa dawa. Leo alisimama na koti lake jeupe lililonyooshwa pasi, akasema kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba yeye hatii sahihi kwa ajili ya mtu, anatia sahihi kwa ajili ya mkono. Mkono ambao hajauona ukichanganya dawa hatauandikia cheti.

Simpendi tangu mwaka wa kwanza. Nadhani ni kwa sababu haniangalii usoni. Anaangalia vidole.

13 Februari

Vumbi. Tumeosha chupa kutwa.

Jumatano, 21 Februari

Kaka Umar amepewa duka. Kamati ya kugawa mali za walioondoka imempa duka la dawa la mzee Jivraj, hapa hapa Old Kampala, chini kidogo ya kwetu. Umar maisha yake yote ameuza vitenge. Hajui tofauti ya aspirini na chokaa.

"Sihitaji kujua," alisema. "Duka halifunguliwi mpaka ukutani pawe na cheti cha dispensa. Cheti ni chako, mdogo wangu. Mimi nitashika funguo."

Mama alipika pilau. Mimi nilichukua funguo nikaenda kuliangalia. Rafu bado zimejaa, na juu ya meza ya mzee Jivraj ipo miwani yake imekunjwa vizuri, kama ya mtu aliyekwenda kunawa. Nilisimama nyuma ya kaunta. Niliona aibu kwa jinsi nilivyopenda kusimama pale. Nilipokuwa mdogo nilimtazama mzee yule akimimina, akinusa, akifunga kizibo, na watu wakiipokea chupa bila kuuliza neno. Hicho ndicho nilichotaka tangu zamani: nimpe mtu chupa na asiwe na sababu ya kuuliza.

Ijumaa, 2 Machi

Mtihani wa majaribio. Nimeshindwa.

Nitaandika jinsi ilivyokuwa ili nisije kujidanganya baadaye. Tulipewa kutengeneza dawa ya mtoto mchanga mwenye msokoto wa tumbo: mnanaa na maji ya klorofomu. Maji ya klorofomu yako kwenye chupa mbili za kahawia zinazofanana. Moja ni ya kutumia kama ilivyo. Nyingine ni ya maji makali, ambayo lazima yazimuliwe kwanza. Ukiyatia makali kwa kipimo cha yale mengine, mtoto anakunywa mara ishirini ya anachostahili.

Bwana Odoch ana sheria yake. Kila chupa isomwe kwa sauti mara tatu: unapoitoa rafuni, kabla hujamimina, na unapoirudisha. Darasa zima huwa kama chuo cha Kurani cha watoto wanaohitimisha juzuu, na mimi huona haya kupiga kelele. Tena tumefundishwa kushika chupa lebo ikiwa kiganjani, ili tone likishuka lisiichafue. Hiyo adabu ninayo kuliko wote, chupa zangu hazina doa. Lakini lebo iliyo kiganjani haisomeki. Niliisoma moyoni, au nilidhani nimeisoma.

Alikuja kwenye meza yangu, akamimina kidogo kwenye kisahani, akanusa.

"Mtoto wako ana umri gani, Bi Sabah?"

"Miezi minane, mwalimu."

"Amelala. Mama yake anafurahi kwamba ameacha kulia." Aliweka kisahani chini. "Atafurahi kwa saa nzima."

Akaimwaga dawa yangu kwenye sinki, akaenda meza ya pili.

3 Machi

Sikutoka kitandani mpaka adhuhuri. Mama anadhani ni malaria.

Ijumaa, 9 Machi

Joska Aloyo, tunayegawana meza, amechoka na mimi. Yeye ni binti wa sajini wa polisi, kakulia kambini, na Kiswahili chake ni kile cha kambi, hakina habari na ngeli. "Wewe Mswahili," akaniambia leo, "sura yako iko kama ya mtu amenyang'anywa sukari kwa foleni. Mzee alimwaga dawa, hapana wewe. Kula mandazi."

Nyumbani nilimsema Bwana Odoch wakati wa chakula. Nilisema ananionea, kwamba sheria zake ni za kutufanya wajinga, kwamba kwa mwendo huu sitapata cheti. Umar aliacha kula.

"Odoch. Huyo ni Mwacholi?"

"Ni mwalimu."

"Nimeuliza wa wapi."

Nikamwambia ndiyo, Mwacholi, mtu wa kabila linalosakwa tangu mapinduzi. Wali ulikuwa na chumvi nyingi, na nakumbuka nilisema hivyo baada ya hapo.

14 Machi

Hakuna sabuni madukani. Tunaoshea chupa majivu.

Jumanne, 20 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Chini kule Katwe maji yameingia kwenye karakana, na mafundi wanaomtengenezea Umar rafu mpya wamesema asubiri.

Joska amefanya mtihani wake wa vitendo leo. Alisoma lebo kwa sauti kama anayeita majina kwenye gwaride. Hata aliyepita barabarani alijua tuna chupa gani. Darasa lilicheka. Bwana Odoch hakucheka. Alisimama kando akitazama vidole vyake mwanzo mpaka mwisho, kisha akaandika kwenye kitabu chake na kumwambia, "Mkono huu nimeuona." Ni wa kwanza kati yetu.

Alirudi mezani akaniambia, "Usinitazame kama mke mwenza. Yako nakuja."

Nilimtazama hivyo hivyo. Siku nzima nilikuwa nikitafuta kasoro kwenye kazi yake na sikuipata.

Jumatano, 28 Machi

Mkuu wa shule ameingia darasani na habari. Amri imetoka juu: nchi ina maduka ya dawa yasiyo na watu, kwa hiyo darasa letu lote litapewa vyeti mwezi wa tano, waliotahiniwa na wasiotahiniwa. Tulipiga makofi. Mimi pia.

Bwana Odoch alingoja makofi yaishe. "Mkuu amesema mtapewa," akasema. "Hajasema nitatia sahihi." Kisha akatuambia tufungue kitabu pale tulipoishia.

Baadaye nilimwona kupitia dirisha akizungumza na mkuu chini ya baraza, mvua ikiwapiga magotini. Mkuu alikuwa akimshika mkono kama anayemsihi mlevi asiendeshe gari. Mpaka sasa nilimdhania ni mtu anayependa kukatalia watu vitu. Leo nimeona kwamba anaogopa, na bado anakatalia. Sijui niweke wapi jambo hilo.

30 Machi

Mvua. Waliobaki tumepangiwa siku za mtihani. Yangu Jumatatu baada ya Maulidi.

Jumatano, 4 Aprili

Baba yake Joska, sajini Okullo, naye Mwacholi, alikwenda kazini Jumapili na hajarudi. Kambini hakuna anayesema lolote. Mkewe alipokwenda kuuliza aliambiwa mumewe hayumo kwenye orodha ya zamu, kana kwamba hakuwahi kuwa na zamu.

Joska alikuja darasani kama kawaida. Nilimwuliza kwa nini hakubaki nyumbani na mama yake.

"Nikibaki nyumbani, watu wataona nimebaki nyumbani."

Akapima soda yake ya unga kwenye mizani. Haikumwagika hata chembe. Mimi niliyekuwa nikimtazama ndiye niliyemwaga.

9 Aprili

Bado.

11 Aprili

Bado. Joska amesuka nywele upya. Anasema mamake alihitaji kazi ya mikono.

Jumapili, 15 Aprili. Maulidi.

Umar alirudi msikitini kwa gari la rafiki yake, mmoja wa wale wapelelezi wenye mashati ya maua na miwani ya jua hata siku ya mvua. Rafiki hakushuka. Umar aliingia akinukia uturi, akanibusu kichwani.

"Yule mwalimu hatakusumbua tena."

Nilimwuliza amefanya nini.

"Nimezungumza na mtu. Nimesema kuna Mwacholi anazuia maduka ya wananchi yasifunguliwe. Si uongo."

Mama alikuwa akipakua. "Umar," alisema bila kugeuka, "umemsema mtu wa watu siku ya Maulidi?"

"Nimemtaja tu, Mama. Watamwita wiki hii, watamwuliza maswali, atatia sahihi. Watu wanaitwa kila siku."

"Na wanarudi kila siku?" Mama akauliza.

Umar alivuta sahani yake. Alikula vizuri. Nilimtazama kaka yangu aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwenye mteremko huu, nikatafuta usoni mwake mtu mbaya, sikumpata. Alikuwepo Umar tu, mwenye furaha kwa sababu amemsaidia dada yake. Na aliyempa jina ni mimi. Nililileta mezani pamoja na wali.

Jumatatu, 16 Aprili

Nilifika shuleni kabla ya wengine. Bwana Odoch alikuwa peke yake katika chumba cha mazoezi, akijaza chupa za rafu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: kaka yangu, rafiki wa kaka yangu, neno lililosemwa. Sikusema kwamba jina lilitoka kwangu. Nadhani alielewa.

Aliendelea kumimina mpaka chupa ikajaa, akaifunga.

"Lini?"

"Amesema wiki hii."

"Wiki hii imeanza leo." Alifuta mikono. "Leo pia ni siku yako ya mtihani. Vaa koti."

Nilimwambia aende. Nilimwambia mabasi ya Kenya yanaondoka asubuhi. Alisema anajua mabasi yanaondoka lini. Alisema ataondoka, yeye si mpumbavu, ana mke, lakini kwa kuwa nimekuja mapema na mkono wangu haujaonwa, tuanze mara moja. Akanipa dawa ileile ya mtoto wa msokoto wa tumbo.

Nikavaa koti. Niliitoa chupa ya mnanaa rafuni nikaisoma kwa sauti. Nilisikia sauti yangu imekuwa ndogo. Nikaiweka mezani, nikapima mnanaa. Chupa zote mbili za maji ya klorofomu zilikuwa mezani, kwa sababu alikuwa amezijaza sasa hivi na shingo za zote mbili zilikuwa na maji, hata unyevu usingeonyesha ipi imemiminwa. Hapo gari likasimama nje. Tulisikia milango, mmoja, kisha mwingine. Watu wakazungumza, wakacheka. Niliendelea. Kisha gari likawaka, likashuka kilima. Lilikuwa labda la wapishi, labda la mtu aliyekosea njia.

Nilipotazama chini, dawa ilikuwa imejaa hadi kwenye alama na chupa zote mbili zimerudi rafuni. Nilizirudisha mimi. Mnanaa ulikuwa umefunika kila harufu. Nilijua nimeshika chupa sahihi. Nilijaribu kukumbuka sauti yangu ikiisoma kabla ya kumimina na sikuipata. Palipokuwa na sauti palikuwa na milango ya gari.

Bwana Odoch alinyoosha mkono apokee bila kuuliza neno.

Hicho ndicho nilichokuwa nimekitaka tangu utoto, na mwenye kunipa alikuwa na haraka. Niliimwaga kwenye sinki.

"Kwa nini?"

"Sijui nimetia ipi."

"Unadhani ipi?"

"Nadhani sahihi."

"Muda umekwisha," akasema. Alifungua kitabu chake, akaandika kwamba sikukabidhi dawa, kwa hiyo sikupita. Aliandika kwa mwandiko mzuri, akakausha wino. Kisha alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu anifundishe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ungenikabidhi ningekutilia sahihi," akasema. "Nilikuwa nikitazama dirishani. Hata mimi sijui ulitia ipi."

Alivua koti, akalikunja, akaliacha juu ya kiti. Alipita mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya chupa zilizovunjika, bila mwavuli.

17 Aprili

Hakuja. Mkuu amesema ni mgonjwa.

19 Aprili

Wamekuja kumwulizia, watu wenye adabu sana. Walikaa kwenye madawati ya mbele.

25 Aprili

Mvua haikatiki. Nasali nikiwa namwona kwenye mpaka, kisha simwoni.

Ijumaa, 4 Mei

Vyeti. Alikuja luteni mmoja kugawa, kijana, mwenye baridi kifuani. Sahihi ni ya mtu ambaye hatujawahi kumwona. Aliyekuwa akisinzia mwaka mzima amepata. Mimi nimepata. Luteni alinishika mkono akasema, "Hongera, dada," na kukohoa.

Jina la Joska halikuitwa. Hakuna aliyeuliza. Alikaa mpaka mwisho akitupigia makofi kila mmoja, makofi ya sawasawa, wala si ya kejeli. Kati yetu sote ni yeye na wengine wachache tu ambao mikono yao imeonwa, na kitabu kilichoandikwa hivyo amekwenda nacho Bwana Odoch, au wanacho waliokuja kumwulizia.

Nilikipokea cheti. Niliogopa kutokipokea. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Jumamosi, 12 Mei

Umar amekitia cheti kwenye fremu. Nilimwambia kwamba mimi sitachanganya hata maji na sukari katika duka lile kama Joska hatakuwemo.

"Binti wa yule sajini? Mwacholi, dukani mwangu? Wewe unataka tuchomwe moto."

"Kaka, mimi nimeshindwa mtihani. Mara mbili. Yeye alipita."

"Cheti kinasema umepita."

"Aliyejua alisema nimeshindwa."

"Aliyejua hayupo."

"Ndiyo," nikasema. "Umemwondoa mmoja. Huyu utamwingiza."

Sijawahi kusema hivyo na kaka yangu. Nilidhani atanipiga. Mama, ambaye huwa haingilii, alisema kwamba yeye hatakunywa dawa ya duka lile wala hatamnywesha mjukuu wake, mtoto wa Umar, na watu watauliza kwa nini. Umar alitoka nje akasimama mvuani kwa muda. Aliporudi alisema sawa, lakini asisimame mbele. Akae nyuma, kwenye sinki. Akiulizwa, anaosha chupa.

Alipokuwa akisema hakuweza kunitazama. Huenda ilikuwa aibu. Nataka iwe aibu.

21 Mei

Tumefungua. Joska anachanganya nyuma ya pazia, mimi nakabidhi mbele. Mikono ya watu inapokea bila kuuliza. Kila chupa inanichoma.

29 Mei

Hakuna habari za sajini Okullo. Mama yake Joska amekwenda kaskazini kwa ndugu. Joska amehamia kwa shangazi yake Kansanga. Anakuja kwa miguu.

Jumanne, 5 Juni

Mvua imekatika. Asubuhi aliingia mwanajeshi mwenye nyota begani na karatasi ya daktari. Pazia lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na Joska alikuwa kwenye sinki, mikono majini.

"Cheti hii ni ya nani?"

"Yangu, afande."

"Na huyu?"

"Anaosha chupa."

"Mtu ya wapi?"

Kabla sijafungua kinywa Joska alijibu, kwa Kiswahili chao cha kambi, laini kama mafuta: "Wa hapa tu, afande. Mimi nakaa Kansanga."

Mwanajeshi alimtazama. Kisha akaweka karatasi kaunta. Ilikuwa dawa ya mtoto, msokoto wa tumbo. "Siku hizi kila mtu ni dispensa," akasema. "Tengeneza hapa, mbele yangu. Mimi nione."

Joska, tuliyemwita mwosha chupa, hakuweza kusogea. Nikatengeneza mimi. Mkono ulikuwa imara, nilistaajabu mwenyewe, na nilijua kila nilichokuwa nikifanya. Nilipomaliza nilimpa Joska chupa aifute kabla ya kubandika lebo. Aliipokea kwa mikono yake yenye povu, na ikamponyoka. Ikapasuka kwenye sinki.

Mwanajeshi alicheka mpaka akashika kaunta. "Mikono ya huyu iko na siagi. Unamlipa ya nini?"

Ilibidi nimkaripie. Nilimwita mjinga na mvivu, nikasema nitamfukuza, na maneno yalikuja kwa urahisi ulionitisha. Joska aliinamisha kichwa. "Samahani, bibi," akasema. Hajawahi kuniita bibi.

Nikaanza upya. Mara hii niliisoma kila chupa kwa sauti, nilipoitoa, kabla ya kumimina, nilipoirudisha.

"Unasoma nini," mwanajeshi akauliza, "sala?"

"Ndiyo, afande."

Hilo lilimpendeza. Alichukua dawa ya mwanawe akaondoka.

Nilifunga pazia. Nilikuwa na hasira. Nilimwambia ile ya kwanza ilikuwa sahihi, nilisoma, nina hakika nilisoma, na kwa kuiangusha makusudi amenifanya nimtukane mbele ya mtu yule.

"Sikukusikia."

"Nilisoma moyoni."

"Moyoni mwako mimi siko," Joska akasema, akaendelea kuokota vigae kwenye sinki, kimoja kimoja. Kidole chake kilikuwa kikitoka damu. Nilikifunga kwa kitambaa.

Nikamwomba anitahini. Si kunisahihisha tu kila siku. Anitahini, dawa zote, mwanzo mpaka mwisho, kama Bwana Odoch.

Alikagua fundo. "Nikikuangusha?"

"Uniangushe."

"Ukipita nitakuambia kwa mdomo," akasema. "Karatasi sina."

"Karatasi ninayo," nikamwambia.